Mjomba Kufuli Nyuma ya Mstari wa Njano

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kiwanda chetu cha ndoo na mabeseni, mkuu wa mafundi umeme alikuja stoo kurudisha vifaa. Alirudisha helmeti, miwani, testa ya kupimia umeme na jozi mbili za glavu za mpira, moja ikiwa na tundu dogo kwenye kidole gumba. Mwandishi wa wasifu huu ndiye mtunza stoo, na ile yenye tundu aliikataa, kwa sababu mstaafu mwenyewe ndiye aliyetushikia bango miaka yote kwamba glavu yenye tundu ni soksi tu. Mstaafu hakubisha. Aliomba mkasi, akaikata vipande papo hapo ili mtu mwingine asije akaivaa kwa bahati mbaya, kisha akadai aandikiwe kuwa ameirudisha.

Jina lake halisi limo katika karatasi za ofisi na sidhani kama kuna anayelikumbuka. Miaka ya mwanzo aliitwa Mkono Mmoja. Anastaafu akiitwa Mjomba Kufuli. Kazi yake yote iko katikati ya majina hayo mawili, basi tuanze na lile la kwanza, ingawa yeye halipendi.

Msomaji asiyekijua kiwanda chetu aelewe jambo moja. Mashine zetu huyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya umbo la ndoo au beseni. Umeme ukizimwa ghafla, plastiki hugandia tumboni mwa mashine, na kuianzisha tena ni shughuli ya kutoa jasho: kupasha moto upya, kukwangua, kutupa ndoo za mwanzo ambazo hutoka zimepinda kama zimepigwa kofi. Kwa hiyo enzi hizo neno "zima" lilikuwa karibu na tusi. Nati ikilegea ndani ya kabati la umeme, fundi alitarajiwa aikaze huku umeme unapita, na aliyeomba kuzima alionekana mwoga au mvivu, au vyote viwili.

Mstaafu wetu hakuwa mwoga wala mvivu. Alikuwa kijana mwenye mabega na maneno mengi, na alikuwa na mtindo wake: alifungua kabati, mkono wa kushoto akautia mfukoni, na kwa wa kulia akakaza nati huku anapiga mluzi, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Alieleza kwamba ukigusa kwa mkono mmoja umeme haupati njia ya kupita kifuani. Kwa upande wa kupigwa shoti, hoja hiyo ina ukweli wake. Shida ni kwamba shoti siyo hatari pekee inayokaa ndani ya kabati, na hilo yeye hakulijua, na sisi tuliomshangilia hatukulijua pia. Mabosi walimpenda. Kila mwaka alitajwa kwenye mkutano wa wafanyakazi kama mtu ambaye hajawahi kusimamisha mashine hata moja.

Ni yeye aliyemleta kazini mume wa dada yake mkubwa. Kwa kuwa mafundi walimsikia akimwita Shemeji, kiwanda kizima kikamwita Shemeji. Alikuwa mtu mpole, mwepesi wa kujifunza, na alimhusudu Mkono Mmoja waziwazi. Asubuhi moja nati ilianza kulia kwenye kabati kuu. Mkono Mmoja alikuwa juu ya paa anabadilisha mota ya feni. Shemeji hakutaka kumsumbua. Alifungua kabati mwenyewe, akautia mkono wa kushoto mfukoni kama alivyoona, akachukua spana. Spana ikateleza, ikalala juu ya vyuma viwili vya shaba.

Umeme haukumpiga. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu ilituchukua muda kulielewa. Umeme uliruka hewani kati ya vyuma hivyo, na hewa yenyewe ikawaka. Kufumba na kufumbua shaba ikayeyuka na kuruka kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji, mlango wa kabati ukang'oka bawaba, na mwanga ukawa mkali kiasi kwamba sisi tuliokuwa stoo, ukuta ukiwa katikati, tuliuona kupitia tundu la ufunguo. Mafundi huuita mlipuko wa umeme. Haumhitaji mtu aguse kitu. Unamfuata pale aliposimama.

Shemeji alipona, tunashukuru. Lakini aliungua uso na mkono wa kulia wote, na sikio moja halikusikia tena. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa mfukoni, ulitoka bila hata mchubuko. Mkewe alipofika hospitalini akaona mkono ule mzima katikati ya bandeji, aliuliza swali moja tu: nani alimfundisha kuweka mkono mfukoni? Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, akajibu kwamba ni yeye. Dada akageuzia uso wake ukutani. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka mingi, salamu kati ya ndugu hao wawili zilipitia kwa watoto.

Baada ya hapo uongozi ulimwita mhandisi kutoka nje aje kutufundisha. Mkono Mmoja alikaa mstari wa mbele na kuuliza maswali hadi chakula cha yule bwana kikapoa. Mhandisi alitwambia kwamba kwanza kabisa unajiuliza kwa nini kabati lifunguliwe na umeme umo, na kwamba jibu la haraka huwa si jibu. Alitufundisha kupiga hesabu ya ukali wa mlipuko kwa kila kabati na kuibandika mlangoni. Mstaafu hakuwa mtu wa vitabu, na hadi leo hesabu hizo humwachia mpwa wake, ambaye tutamfikia. Lakini mafunzo yale yalimwingia, na alitoka darasani akiwa mtu mwingine, au tuseme mtu yuleyule mbishi, ila amegeukia upande wa pili.

Hapo ndipo makufuli yalipoanza. Kila fundi alipewa kufuli lake lenye rangi yake, na ufunguo mmoja tu. Ukitaka kufanya kazi, unazima swichi ya juu, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unauvaa shingoni. Mkiwa watatu, makufuli ni matatu, na umeme haurudi mpaka wa mwisho ametoa lake. Kisha unapima. Unaijaribu testa mahali penye umeme ili ujue inafanya kazi, unapima pale unapotaka kugusa, halafu unairudisha penye umeme uhakikishe haijafa njiani. Mstaafu alikuwa akisema testa mbovu na nyaya zisizo na umeme hutoa jibu lilelile.

Mbele ya kila kabati alichora mstari wa njano sakafuni. Kabati likiwa linafunguliwa, asiyehusika anasimama nyuma ya mstari, awe mfagizi au mkurugenzi. Alipita na ufagio wa kutoa vumbi, akaziba matundu ya panya, akaazima kamera ya kuonyesha joto ili zile nati zinazochemka zijulikane kabla hazijaanza kulia. Na vazi lile zito lenye kofia ya kufunika uso mzima, ambalo kiwandani tunaliita Chungu kwa sababu anayelivaa hutoka amechemka, alilipenda na kulidharau kwa wakati mmoja. Alisema Chungu linavaliwa kwa siku ambayo mengine yote yamekushinda, na ndiyo maana lazima livaliwe kila siku ya kupima.

Mtu aliyepata taabu zaidi na mabadiliko haya ni mkuu wa uzalishaji, ambaye sote tunamwita Bi Haraka, na jina hilo analijua. Mabishano ya wawili hao yalikuwa burudani yetu. Bi Haraka alisimama mlangoni akisema lori la mteja linangoja nje. Mstaafu alijibu kwamba lori lina breki, moto hauna. Bi Haraka alimwambia amekuwa na roho ya kuku. Alijibu kwamba kuku wake wote wana nyuso zao. Hapo Bi Haraka aligeuka akaenda zake, maana sote tulijua anamzungumzia nani. Mwishoni ni Bi Haraka mwenyewe aliyepata njia: siku ya kubadilisha maumbo, mashine huwa tupu kwa vyovyote vile, basi kazi zote za makabati zingoje siku hiyo. Tangu hapo hakuna aliyegandisha plastiki kwa sababu ya nati. Kitu ambacho watu wawili waligombania kwa miaka kilimalizwa na kalenda ya ukutani.

Asije akavimba kichwa, tuseme pia vituko vyake. Aliwahi kufunga kufuli birika la umeme la chumba cha chai, na tukanywa maji ya bomba mpaka waya ulipobadilishwa. Mkewe anasema nyumbani pasi haiguswi kabla hajauliza mara mbili kama imechomolewa. Kubwa kuliko yote ni Jumamosi ile alipomaliza kazi kwenye kabati la mashine za mabeseni, akanawa, akabadilisha nguo, akaenda kwenye arusi ya mtoto wa jirani, na ufunguo shingoni. Kufuli lake likabaki limeng'ang'ania swichi. Meneja alitaka likatwe. Bi Haraka, kwa mshangao wa wote, akakataa: sheria ya mstaafu mwenyewe inasema kufuli la mtu halikatwi mpaka mwenyewe ameonekana kwa macho, mzima, nje ya kabati. Akapanda lori lililojaa mabeseni na kumfuata ukumbini. Picha za arusi ile zipo. Maharusi wametabasamu, na pembeni yao yuko mstaafu wetu, tai shingoni na ufunguo mwekundu juu ya tai, na Bi Haraka nyuma yake amemshika mkono kama polisi. Jumatatu yake alisimama mbele ya wafanyakazi wote akajisema mwenyewe, kisha akatundika ndoano getini: funguo zote zinabaki hapo kabla mtu hajatoka.

Sasa tufike kwenye jina la Mjomba.

Binti wa Shemeji alikua, akasoma ufundi wa umeme, na chuo kilipoisha akaomba kazi papa hapa. Nyumbani kwao kulikuwa hakukaliki. Baba yake alisema mtoto achague mwenyewe. Mama yake alikataa kata kata, kisha jioni moja akavaa viatu akaenda nyumbani kwa mdogo wake, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu siku ya hospitali. Hakukaa. Mstaafu ametusimulia mara nyingi. Dada alimwambia: "Mdogo wangu, mtoto ameshikilia. Anaondoka kwangu na uso wake mzima. Nataka arudi na uso huohuo." Akamjibu kwamba atarudi nao. Dada akageuka akaondoka bila hata kunywa maji.

Binti alianza kazi na kumwita Mjomba mbele za watu, na kabla mwezi haujaisha kiwanda kizima kilikuwa kinamwita hivyo, hadi Bi Haraka ambaye kiumri ni dada yake. Kwa mpwa wake alikuwa mkali kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Alimfanya apime swichi ambayo wote wawili walikuwa wameiona ikizimwa. Akisahau kuijaribu testa mwanzoni, alimrudisha mpaka getini waanze upya. Mpwa alivumilia, akajifunza, akampita kwa hesabu, na baada ya miaka kadhaa mafundi wengine walikuwa wanamwendea yeye wakikwama.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mjomba hakuliweza, nalo ni kumwacha. Kila Mpwa alipofungua kabati kuu, Mjomba alisimama nyuma yake, hata siku zake za likizo. Aliwahi kuja akiwa na homa, amejifunga sweta juu ya ovaroli. Mpwa alikuwa akija stoo kuchukua glavu na kulalamika kwa sauti ya chini kwamba analindwa kama yai, na kwamba fundi anayesimamiwa kila siku hajui kama yeye ni fundi. Alikuwa na haki. Lakini Mjomba naye alikuwa ameahidi, na sote tuliokuwa na macho tuliona kwamba kila jioni Mpwa alipopita getini, alimtazama usoni kwanza ndipo akamuaga.

Kwa hiyo mwaka huu ulipoanza, na barua ya kustaafu ikafika, hakulala vizuri. Aliomba aongezewe muda, uongozi ukamwambia kwa heshima kwamba umri ni umri. Dada yake naye akapata habari. Siku hizi wanasemezana, kidogo kidogo, na alimuuliza swali ambalo hakika alikuwa ameshajiuliza mwenyewe: ukiondoka wewe, mtoto wangu atasimamiwa na nani? Mjomba alikuja stoo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakutania mtu, akaondoka.

Tulimuaga siku hiyohiyo aliyorudisha vifaa. Kantini ilipangwa viti, soda zikatiwa kwenye barafu, vipaza sauti vikakodishwa, wageni kutoka makao makuu wakaketi mbele. Dada yake alikuja na mumewe, wakakaa karibu na mlango. Mpwa ambaye tangu asubuhi alikuwa ndiye mkuu mpya wa mafundi umeme alivaa gauni. Meneja alishika kipaza sauti, akasema "Ndugu wageni," na kipaza sauti kikaanza kukoroma. Taa zikafifia na kurudi. Kutoka kwenye korido, kwenye kabati linalolisha kantini pamoja na mashine za ndoo, tukasikia mlio kama wa nyuki na harufu ya kitu kinachoungua.

Meneja si mtu mbaya, na alizungumza kwa upole. Alimwuliza Mpwa kama haiwezekani kukaza kidogo tu, chapuchapu, maana wageni wameshaketi na mashine zimejaa plastiki. Sisi wote, bila hata kupanga, tukamgeukia Mjomba. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, mikono miwili juu ya meza. Dada yake alikuwa ameukamata mkoba wake mapajani. Nikaona macho ya ndugu hao yamekutana.

Mpwa hakumtazama mjomba wake hata kidogo. Alimjibu meneja kwamba anazima sasa hivi, na akatoka. Bi Haraka aliinuka na nguo yake ya sherehe, akaenda kuwaambia watu wake watayarishe vya kukwangulia.

Umeme ukakatika. Tulipotokea koridoni, swichi ya juu, kule kwenye chumba cha swichi, ilikuwa tayari imefungwa kwa kufuli la kijani la Mpwa, na ufunguo uko shingoni mwake juu ya gauni. Akavaa ovaroli, akavaa Chungu, akaichukua testa. Tukasogea nyuma ya mstari wa njano bila kuambiwa, wageni wa makao makuu wakitufuata. Wa kwanza kufika pale alikuwa Mjomba, na suti yake mpya na viatu vyake vipya. Miaka yote hiyo nilimwona upande ule mwingine wa mstari. Dada yake akaja kusimama kando yake.

Kabla ya kushusha kofia, Mpwa aligeuka kututazama, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa. Macho yake yakashuka sakafuni na kutulia.

"Mjomba, kiatu."

Mjomba akaangalia chini. Ncha ya kiatu chake ilikuwa imekanyaga mstari. Akarudi nyuma hatua moja, na baada ya kufikiri, akaongeza nyingine. Mpwa akashusha kofia na kufungua kabati.

Akaijaribu testa, akapima, akaijaribu tena. Ilikuwa nati moja iliyolegea, na shaba yake imeshakuwa nyeusi. Alikata kipande kilichoungua, akakifunga kingine, akakaza, akafunga mlango, akavua Chungu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, nywele zimemlalia, na ulikuwa uso uleule aliotoka nao nyumbani. Dada yake Mjomba alinyoosha mkono akamshika mdogo wake mkono wa kushoto. Nilikuwa karibu yao, nikasikia. Alimwambia, "Nimeona, mdogo wangu." Mjomba alilia, na hakujificha.

Hotuba zilisomwa bila kipaza sauti, na ya meneja ilikuwa fupi kuliko kawaida, jambo lililopokewa vizuri. Soda zilikuwa za moto. Jioni yote ilikwenda kwenye kukwangua plastiki mashineni, mstaafu akiwa miongoni mwetu, koti amemtundikia Shemeji begani. Alipotoka getini alisimama kwenye ile ndoano, akapapasa shingo, akakumbuka kwamba hana ufunguo tena. Mpwa alikuwa bado ndani. Kwa mara ya kwanza hakumsubiri.

Mjomba Kufuli, kwa niaba ya mafundi, ya uzalishaji, ya Bi Haraka na ya stoo ambayo uliisumbua kuliko idara zote, asante kwa mikono, macho na nyuso zetu tulizonazo. Tunakuombea mapumziko marefu na afya njema, wewe na mkeo. Nenda ukatembee, mikono yote miwili nje ya mifuko, na dada yako ameshasema mlango wake uko wazi.